Kukadiria thamani ya muda wa safari: mwongozo kwa wapangaji wa usafiri mijini

Mradi wa barabara au wa mabasi unapopelekwa Hazina au kwa mkopeshaji, faida kubwa inayoandikwa kwenye hesabu zake mara nyingi ni muda: abiria watafika mapema zaidi. Muda huo hauuzwi dukani, kwa hiyo bei yake inabidi ikadiriwe. Ikipandishwa mno, mradi dhaifu unapita. Ikishushwa mno, mradi unaowafaa watu wa kawaida unakataliwa, na fedha zinakwenda kwenye barabara ya wenye magari.

Mwongozo huu unafuata kazi hiyo hatua kwa hatua, kwa mfano wa ushoroba wa mabasi, yaani njia kuu moja inayopitiwa na mabasi mengi, jijini Dar es Salaam. Nauli, mishahara na idadi za abiria zilizomo kwenye hesabu ni za kufundishia. Weka za kwako. Jambo moja tunalisisitiza tangu mwanzo: wapangaji hubishana sana kuhusu bei ya saa, ilhali kosa kubwa mara nyingi limo kwenye dakika zenyewe, hasa zile ambazo abiria amesimama kituoni. Dakika hizo ndizo zinazomchosha zaidi, na ndizo zinazosahauliwa kupimwa.

Hatua ya 1: Amua unathamini muda upi

Gawa safari kwa madhumuni kabla ya kugusa namba yoyote. Makundi matatu yanatosha kwa miradi mingi.

Kundi la kwanza ni safari za kikazi, yaani mtu yuko njiani ndani ya muda wa kazi: afisa mauzo anayezungukia wateja, fundi anayeitwa nyumbani kwa mtu, tarishi wa ofisi. La pili ni kwenda kazini na kurudi nyumbani. La tatu ni safari nyingine zote: shule, hospitali, sokoni kununua mahitaji ya nyumbani, msibani, kanisani au msikitini.

Kosa linalojirudia zaidi ni kuliweka kundi la pili ndani ya la kwanza. Mtu anayetoka Gongo la Mboto saa 12 asubuhi kwenda ofisini Posta hayuko kazini. Mwajiri hamlipi kwa saa ya foleni. Kinyume chake pia hukosewa: mamantilie anayekwenda soko la samaki la Feri alfajiri yuko kazini kabisa, hata kama hana mwajiri wala mkataba. Kwenye dodoso usiulize tu "unakwenda wapi?" Uliza pia: "Safari hii ungekuwa hukuifanya, ungepoteza kipato cha leo?"

Halafu gawa kila safari katika vipande vyake: kutembea hadi kituoni, kusubiri, kukaa au kusimama ndani ya gari, na kubadilisha gari njiani. Daladala ina kipande kingine kinachopotea kwenye takwimu, nacho ni muda wa kukaa ndani ya gari lililosimama mwanzo wa njia likisubiri kujaa. Kihesabu kiweke kwenye kusubiri. Abiria amekaa kitini, lakini safari haijaanza.

Hatua ya 2: Bei ya muda wa kikazi

Hapa hakuna fumbo. Dakika ikiokolewa, mwajiri anapata dakika ya kazi, kwa hiyo bei yake ni kile kinachomgharimu kuwa na mfanyakazi huyo. Benki ya Dunia, katika mwongozo wake wa mwaka 1997 kwa nchi zisizo na tafiti za ndani, ilipendekeza mara 1.33 ya mshahara wa saa. Usiichukue namba hiyo kwa imani tu. Ijenge mwenyewe, kwa kuwa vipande vyake vyote vinapatikana.

Sheria ya kazi ya Tanzania inaweka saa 45 za kawaida kwa wiki, ambazo ni saa 195 kwa mwezi. Mshahara wa mfano wa shilingi 780,000 kwa mwezi ni shilingi 4,000 kwa saa. Kwa mwaka mwajiri analipa saa 2,340, lakini hapati zote. Toa likizo ya siku 28 (saa 180) na sikukuu, tuseme 12 zinazoangukia siku za kazi (saa 90 kwa wiki ya siku sita). Zinabaki saa 2,070 anazozipata kweli. Kwenye mshahara ongeza mchango wa mwajiri kwenye mfuko wa hifadhi ya jamii, NSSF, ambao ni asilimia 10, tozo ya kuendeleza ujuzi kwa kiwango cha mwaka husika, na asilimia 0.5 ya Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi. Tuseme jumla ni asilimia 14.

Shilingi 9,360,000 kwa mwaka, mara 1.14, gawanya kwa 2,070: unapata takriban shilingi 5,155 kwa saa, yaani mara 1.29 ya mshahara. Namba ya Benki ya Dunia haikuwa mbali, lakini yako ina ushahidi nyuma yake na mkaguzi anaweza kuifuata mstari kwa mstari.

Kwa aliyejiajiri tumia faida ya saa, na hapo kuwa mwangalifu sana. Ukimuuliza machinga "unapata kiasi gani kwa siku?", wengi watakutajia mauzo. Uliza kwa mpangilio huu: leo umeuza kiasi gani, bidhaa hizo ulizinunua kwa kiasi gani, ushuru na mzigo umelipia kiasi gani, umekaa kazini saa ngapi. Kinachobaki kigawe kwa saa.

Onyo kuhusu madereva na makondakta: mishahara yao kwa kawaida imo tayari kwenye gharama za uendeshaji wa magari. Ukiwahesabu tena kama abiria wa kikazi, umewahesabu mara mbili.

Hatua ya 3: Bei ya haraka ya muda usio wa kikazi

Kama muda au bajeti haviruhusu utafiti, anza na asilimia ya kipato. Mwongozo ule wa 1997 ulipendekeza asilimia 30 ya kipato cha kaya kwa saa kwa mtu mzima na 15 kwa mtoto, na muda wa kutembea au kusubiri uzidishwe kwa 1.5. Marekani hutumia asilimia 50 ya kipato cha kati cha kaya (cha kaya iliyo katikati zote zikipangwa kwa kipato) kwa safari binafsi za ndani ya mji. Tofauti hiyo inatosha kukuonyesha kwamba asilimia hizi ni makubaliano ya watu, na ni halali kuzihoji.

Chanzo bora cha kipato ni tafiti za Ofisi ya Taifa ya Takwimu: Utafiti wa Mapato na Matumizi ya Kaya wa 2017/18 na Utafiti wa Nguvukazi wa 2020/21. Zipandishe kwa mfumuko wa bei hadi mwaka wako wa hesabu. Kama matumizi na mapato ya kaya yanapishana sana, tuna imani zaidi na matumizi. Watu hukumbuka walichotumia kuliko walichopata.

Andika waziwazi umegawa kipato cha kaya kwa nani: watu wote wa kaya, watu wazima, au wenye kazi tu. Kwa kaya ya watu watano yenye wawili wanaofanya kazi, njia ya kwanza na ya tatu zinapishana mara mbili na nusu, na ripoti nyingi hazisemi zilitumia ipi.

Hatua ya 4: Utafiti wa machaguo

Hii ndiyo kazi yenyewe. Lengo ni kujua watu wako tayari kulipa kiasi gani ili kuokoa dakika, kwa kuangalia wanavyochagua.

Kuna njia mbili. Ya kwanza ni kutazama machaguo halisi, mahali ambapo njia mbili zinashindana na ya haraka ni ghali zaidi. Kigamboni ni mahali pazuri: mwenye gari anachagua kati ya kivuko cha Magogoni na daraja lililofunguliwa 2016. Nairobi nako, tangu 2022, madereva wanachagua kati ya kulipia barabara ya juu ya kilomita 27 kutoka Mlolongo hadi Westlands na kupita bure kwenye foleni iliyo chini yake. Udhaifu wake ni kwamba vitu vingi huchanganyika. Anayepanda bodaboda badala ya daladala halipii dakika pekee. Analipia kushushwa mlangoni, na anabeba hatari ya ajali na mvua. Ukiigawa tofauti ya nauli kwa tofauti ya dakika, unachokipata ni bei ya vitu vinne kwa pamoja.

Njia ya pili ni kadi za machaguo. Mhojiwa anaonyeshwa safari A na safari B zenye nauli na dakika tofauti, anachagua moja, anaonyeshwa kadi nyingine. Kadi sita hadi tisa kwa mtu zinatosha. Zikizidi hapo anajibu ili umwache aende.

Kila kadi ina bei yake ya mpaka: tofauti ya nauli gawanya kwa tofauti ya dakika, zidisha kwa 60. Anayechagua njia ya haraka anasema saa yake ina thamani zaidi ya bei hiyo. Anayechagua ya nauli ndogo anasema ni chini yake. Kwa hiyo kadi zako lazima zitawanye bei za mpaka kuanzia chini kabisa hadi juu kabisa ya kile unachokitegemea. Seti kama hii inafanya kazi:

- dakika 15 kwa shilingi 100 zaidi: 400 kwa saa
- dakika 15 kwa 200: 800 kwa saa
- dakika 20 kwa 400: 1,200 kwa saa
- dakika 10 kwa 300: 1,800 kwa saa
- dakika 12 kwa 500: 2,500 kwa saa
- dakika 15 kwa 1,000: 4,000 kwa saa

Tafiti nyingi hufia hapa. Kadi zikiwa zote kati ya 300 na 600, karibu kila mtu atachagua njia ya haraka, na kompyuta itakupa namba yoyote ile kwa sababu hakuna aliyewahi kukataa. Zikiwa zote juu, kila mtu atachagua ya nauli ndogo. Weka pia kadi zinazobadilisha kusubiri peke yake na kutembea peke yake, la sivyo hutaweza kuvitenganisha na muda wa ndani ya gari. Kadi ambayo A ni ya nauli ndogo na pia ya haraka haikufundishi chochote kuhusu bei. Weka moja tu, kwa ajili ya kuona kama mhojiwa anasikiliza.

Nauli ziwe zile ambazo abiria anaweza kuzitoa mfukoni: mafungu ya 50 au 100. Shilingi 637 kwenye kadi inamfanya mhojiwa acheke na aache kukuamini. Dakika uzizungushe kwenye safari yake mwenyewe. Muulize kwanza jana alitumia dakika ngapi na nauli kiasi gani, kisha kadi ziongeze au zipunguze kutoka hapo. Kumwambia mtu wa Chanika kuhusu safari ya dakika 25 hadi Posta ni kumpa hadithi.

Fanya jaribio kwanza, watu 30 hadi 50. Angalia kila kadi: kama zaidi ya asilimia 90 wamekwenda upande mmoja, ibadilishe. Baada ya hapo, wahojiwa 300 kwa kila kundi unalotaka kulitolea bei yake ni kianzio kizuri. Kwa kadi tisa ni machaguo 2,700. Ukitaka bei tofauti za wanaokwenda kazini na wa safari nyingine, ni 300 kwa kila upande, si 300 kwa jumla.

Sasa mtego mkubwa wa kituoni. Mdodosaji anasimama Mnazi Mmoja na simu yenye dodoso la dakika 12. Basi linakuja. Mwenye haraka anapanda na kuondoka. Asiye na haraka anabaki na kumaliza. Bila mtu kukosea, sampuli imejichuja kwa jambo lilelile unalolipima, na bei inashuka. Dawa zake ni mbili: chukua namba ya simu na maswali matatu ya msingi, umpigie jioni, au hoji ndani ya basi na nyumbani kwa sehemu ya sampuli. Waandike wote waliokatiza, saa na kituo, ili uone ni wangapi.

Mtego wa pili ni watu ambao hawafiki kituoni kabisa. Wapo wanaotembea kilomita tano au sita kwenda kazini kwa sababu nauli haipo. Utafiti wa kwenye vituo hauwaoni, na hesabu za mradi zinaandikwa kana kwamba hawapo. Watafute kwenye kaya au kando ya barabara asubuhi. Nauli ikishuka au basi likisogea karibu, hao ndio abiria wapya.

Hatua ya 5: Kutoka machaguo hadi shilingi

Modeli ya kawaida ni lojiti, yaani hesabu inayokadiria uwezekano wa mtu kuchagua safari moja badala ya nyingine. Daniel McFadden, aliyepata Nobel ya uchumi mwaka 2000, alitumia modeli ya aina hii miaka ya 1970 kutabiri abiria wa treni ya BART huko San Francisco. Programu za bure zipo: Biogeme, au Apollo ndani ya programu ya takwimu iitwayo R. Unaipa machaguo, inakurudishia namba inayozidisha kila shilingi na kila dakika, ikionyesha kila kimoja kinavyopunguza mvuto wa safari.

Tuseme imetoa −0.0021 kwa shilingi, −0.042 kwa dakika ya ndani ya gari, −0.071 kwa dakika ya kusubiri na −0.065 kwa dakika ya kutembea. Gawa kila kizidishi cha dakika kwa kile cha shilingi:

- ndani ya gari: shilingi 20 kwa dakika, 1,200 kwa saa
- kusubiri: takriban 34 kwa dakika, karibu 2,030 kwa saa
- kutembea: takriban 31 kwa dakika, karibu 1,860 kwa saa

Kusubiri kumetoka mara 1.7 ya kukaa garini. Ukipata uwiano chini ya 1, yaani watu wanapenda kusubiri kuliko kusafiri, rudi kwenye kadi zako kabla ya kuandika lolote. Mara nyingi dakika za kusubiri zilitofautiana kidogo mno, au mdodosaji alizisoma pamoja na za safari. Alama zote ziwe hasi. Yenye chanya ni kengele ya hatari.

Usitoe namba moja bila upana wake, yaani mipaka ya chini na juu ambamo bei halisi huenda imo. Kama kosa sanifu (kipimo cha jinsi kizidishi kisivyo na uhakika, ambacho programu hukitoa) la dakika ni 0.004 na la shilingi ni 0.0003, na ukipuuza uhusiano wa vizidishi hivyo viwili, upana wa asilimia 95 ni takriban 800 hadi 1,600 kwa saa. Ni mpana, lakini ndio ukweli wa data. Programu ikikupa uhusiano wa vizidishi, utumie. Pia ieleze programu kwamba machaguo tisa yametoka kwa mtu mmoja. Ikiyachukulia kama ya watu tisa tofauti, upana utaonekana mwembamba kuliko ulivyo.

Watakuwepo wahojiwa waliochagua nauli ndogo kwenye kila kadi. Usiwafute kwa madai kwamba hawakuelewa. Mtu ambaye nauli ya siku inatoka kwenye mauzo ya jana anaweza kuwa amejibu kwa usahihi kamili. Ila wakifika theluthi moja ya sampuli, kadi zako hazikushuka chini vya kutosha.

Hatua ya 6: Bei moja au bei nyingi?

Modeli karibu kila mara itaonyesha kwamba wenye kipato kikubwa wako tayari kulipa zaidi kwa dakika. Ukiziingiza bei hizo kwenye mradi wa umma kama zilivyo, dakika moja ya mwenye gari kutoka Masaki inashinda dakika tatu au nne za abiria wa Mbagala, na barabara ya juu kwa ajili ya magari madogo itaipiku njia ya mabasi bila kutoka jasho.

Msimamo wetu ni huu: kutabiri nani atatumia njia ipi, tumia bei tofauti, kwa kuwa ndivyo watu wanavyotenda. Kutathmini mradi unaolipiwa na kodi ya wote, tumia bei moja ya wastani kwa safari zisizo za kikazi, bila kujali chombo wala kipato. Weka matokeo ya bei tofauti kwenye kiambatisho ili anayetaka aone. Mradi unaopita kwa sababu tu dakika za wenye nacho zimepewa bei kubwa unapaswa kuonekana hivyo wazi.

Hatua ya 7: Pima dakika

Muda wa ndani ya gari ni rahisi: wadodosaji wachache wapande magari wakiwa na simu zinazorekodi mahali, asubuhi saa 12 hadi saa 3, mchana, na jioni saa 10 hadi saa 2 usiku, kwa wiki ya kawaida isiyo ya sikukuu wala likizo za shule. Pima na siku ya mvua. Dar hubadilika kabisa.

Kusubiri ndiko kunakoharibiwa. Zoea lililopo ni kuchukua nafasi kati ya mabasi na kuigawa kwa mbili: basi kila dakika 10, kusubiri dakika 5. Hiyo ni kweli tu kama mabasi yanakuja kwa nafasi sawa. Yakija mawili kwa kufuatana, nafasi za dakika 2 na 18 zikipishana, wastani wa nafasi bado ni 10, lakini watu wengi zaidi hufika ndani ya ule mwanya wa 18. Hesabu sahihi ni jumla ya miraba ya nafasi, gawanya kwa mara mbili ya jumla ya nafasi: (4 + 324) gawanya kwa 40, sawa na dakika 8.2. Kwa bei ya kusubiri ya hapo juu, tofauti hiyo ya dakika 3.2 ni zaidi ya shilingi 100 kwa kila abiria kila safari.

Na hiyo inadhani basi lina nafasi. Abiria yeyote wa mwendokasi wa Kimara anajua asubuhi ya kuachwa na mabasi mawili au matatu yaliyojaa. Njia pekee ya kuaminika ni kusimama kituoni: chagua abiria anayeingia, andika saa, mfuate kwa macho hadi anapopanda, andika saa. Abiria 30 kwa kila kituo kwa kila kipindi wanatosha kuonyesha picha. Andika pia mabasi mangapi yalimpita akishindwa kupanda.

Pima vilevile jinsi muda unavyoyumba siku hadi siku. Mtu ambaye safari yake huchukua dakika 50 siku nyingi na 95 mara moja kwa wiki huondoka nyumbani kwa hesabu ya 95 kila siku. Kama utathamini kuyumba huko kama faida ya pekee, hakikisha seti yako ilikuwa na kadi zinazoubadilisha peke yake. Usiongeze tu asilimia juu ya bei uliyonayo.

Hatua ya 8: Jumlisha

Mfano: ushoroba una safari 60,000 kwa siku za wanaosafiri tayari, na mradi utaleta safari mpya 8,000. Kila safari inaokoa dakika 18 ndani ya gari na 6 za kusubiri. Safari za kikazi ni asilimia 5.

Safari isiyo ya kikazi: dakika 18 kwa 1,200 kwa saa ni shilingi 360, dakika 6 kwa takriban 2,000 kwa saa ni 200, jumla 560. Safari ya kikazi: dakika 24 kwa 5,155 kwa saa ni 2,062, bila kuzidisha kusubiri, kwa kuwa mwajiri anapoteza kiasi kilekile popote mfanyakazi alipo. Wastani kwa uzito wa makundi ni takriban 635.

Wanaosafiri tayari: 60,000 mara 635, shilingi milioni 38.1 kwa siku. Wasafiri wapya huhesabiwa nusu, kwa sababu wa kwanza kati yao alikuwa karibu kuamua hata kabla ya mradi na wa mwisho ameshawishika kwa kiasi kidogo tu: milioni 2.54. Jumla ni takriban milioni 40.6 kwa siku. Kwa mwaka usizidishe kwa 365. Jumapili na sikukuu safari ni chache. Pata kizidishi kutoka kwenye hesabu za abiria za wiki nzima. Kwa 300, ni karibu shilingi bilioni 12.2.

Sasa angalia asilimia 5 ile ya kikazi: imebeba asilimia 16 ya thamani yote. Kama mdodosaji angeandika kimakosa 15 badala ya 5, wastani ungepanda hadi 785, ongezeko la robo karibu. Ndiyo sababu swali la Hatua ya 1 linastahili kurudiwa na msimamizi kwa sehemu ya wahojiwa.

Mambo matatu hayaruhusiwi kuingia kwenye jumla hii. Nauli si faida wala hasara ya taifa. Inahama kutoka kwa abiria kwenda kwa mwendeshaji, kwa hiyo ikitolewa upande mmoja iongezwe upande wa pili. Kupanda kwa bei ya viwanja karibu na vituo ni muda uleule uliookolewa ukiwa umevaa nguo nyingine, chagua kimoja. Na magari yanayohama kutoka barabara jirani yasihesabiwe kama yameokoa safari nzima, ni tofauti kati ya njia yao ya zamani na mpya pekee.

Hatua ya 9: Miaka ijayo, na majaribio

Bei ya muda hupanda kipato halisi kinapopanda. Kwa muda wa kikazi ipandishe sambamba na ukuaji wa pato halisi kwa kichwa. Kwa muda usio wa kikazi jaribu nusu ya ukuaji huo na ukuaji wote. Fanya yote kwa bei za mwaka mmoja. Ukiingiza mfumuko wa bei kwenye thamani ya muda huku gharama za ujenzi zikiwa za bei ya leo, umetengeneza faida isiyokuwepo.

Kisha rudia hesabu ya mradi mzima kwa hali hizi: bei ya chini ya upana wako (800 katika mfano wetu), bei ya juu (1,600), kusubiri bila kuzidishwa, kusubiri mara 2, dakika zilizookolewa zikipungua kwa robo, na safari za kikazi zikiwa nusu. Tafuta pia bei ya kugeukia, yaani thamani ya saa ambayo mradi unalipa bila faida wala hasara. Ikiwa mradi unahitaji 1,500 kwa saa ili kujilipa na utafiti wako umetoa 1,200, sema hivyo kwenye ukurasa wa kwanza. Ikiwa unahitaji 500 tu, mabishano yote kuhusu modeli yanakwisha.

Kabidhi pamoja na ripoti: kadi zote kama zilivyosomwa kwa wahojiwa, data ghafi isiyo na majina wala namba za simu, faili la modeli, karatasi za kusubiri kituoni zenye saa za kuingia na kupanda, mwaka wa bei, na jedwali la waliokatiza mahojiano. Mtu atakayepanga ushoroba unaofuata aweze kuanzia hapo, badala ya kunakili namba moja kutoka kwenye muhtasari.